Shibiri, Mkono, Pima

Mimi Amotbaal, binti Bodashtart msuka kamba,
duka la tatu ukishuka kutoka Birsa kwenda bandari ya duara,
mlango wa buluu, harufu ya lami.
Baba alinifunza kupima kabla hajanifunza kusali:
shibiri, mkono, pima.
Kamba ya nanga, pima arobaini.
Kamba ya ndoo, kumi na mbili.
Kamba ya kumfunga mtoto asianguke ghorofa ya sita,
hiyo, alisema, mwulize mama yake.

Kwanza Warumi walitaka watoto,
mia tatu, wa nyumba za wakubwa.
Sisi hatukuwa wakubwa.
Ila mwana wa hakimu aliugua ghafla,
wakaja usiku na kanzu ya zambarau,
wakamvika Himilk wangu, miaka tisa, wakampa jina la yule.
Alijifunga mshipi mwenyewe, kwa fundo letu la ndoo:
kushoto, kushoto, chini.
Nikalifungua.
Nikamfunga kama wafungwavyo wana wa mahakimu,
wasije wakamjua.

Kisha wakataka silaha.
Mkono usioweza kuukata, ubusu, wazee wakasema,
na magari yakapita dukani kwangu toka asubuhi hadi usiku,
panga, ngao, mitambo ya mawe, hata mikuki ya michezo.
Kisha wakasema: sasa bomoeni mji,
mkajenge kwingine, maili kumi kutoka baharini.
Maili kumi! Wasuka kamba za meli
tukakae bara tukafunge mbuzi.
Tuliwapa shibiri, wakachukua pima.

Ndipo malango yakafungwa, na mitambo ikaundwa upya,
na kamba hazikuwepo.
Nyasi zetu zilikuwa zikitoka Iberia kwa meli.
Nikaweka mizani mlangoni.
Wakaja wamejifunika, wakaondoka vichwa vyepesi,
wakijipapasa shingo kama wamepigwa na upepo.
Nywele za wasichana huteleza.
Za vikongwe hukatika.
Zinazofaa ni za wanawake wa makamo, zina ukaidi.
Shafat alileta msuko wa bintiye aliyekufa, ndani ya kitambaa,
akaniuliza kama wafu wanahesabiwa.
Kahaba wa bandarini alileta zake, nyekundu kwa hina,
na mke wa kuhani akasema, zangu zisiguse zile.
Nikazisokota pamoja mbele yake.
Zangu nilikata mwisho. Hazikutimia ratili.

Jiwe la kwanza liliporuka, mji mzima ulipiga vigelegele.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Nilijua popote litakapotua
litaandikwa juu ya kichwa cha mtoto mmoja
aliyevaa kanzu isiyo yake.
Nikasuka nyingine, hata hivyo.
Miaka mitatu nilisuka.

Siku sita za mwisho sizisimulii.
Kamba zetu ziliungua
zikinuka vichwa vya watu.

Sasa niko Kapua, kwa bwana mwenye mizeituni.
Nywele zimeota, nyeupe.
Bibi wa nyumba hunikalisha nyuma yake nimsuke,
anasema vidole vyangu vina nguvu mno, nipunguze.
Napunguza.
Wakati mwingine namwuliza mpishi, namwuliza mchunga nyumbu,
kama amewahi kusikia habari za watoto wale mia tatu.
Nikisema Himilk, hakuna Himilk.
Nikisema lile jina jingine, ulimi unakataa;
mwenye jina alipona ile homa,
nilimwona akinunua mkate
mwezi mmoja baada ya meli kuondoka.

Kama yu hai ana ndevu.
Ana ndoo ya mtu anayoiteka maji, labda.
Kila kisima ninachotumwa
natazama kwanza kamba ilivyofungwa kwenye mpini.
La jana lilikuwa fundo la kawaida, la wavivu.
Leo tunakwenda kisima cha chini, kando ya barabara kuu,
nami nimeomba nibebe mtungi mkubwa
ili nikawie.